Aliyeshika sindano hawezi kulipwa kwa kuongoza usingizi

Swali la msomaji wa South B, nimelifupisha kidogo: "Nafanya shifti ya usiku Westlands, kwenye kampuni inayoandaa bili za madaktari wa Marekani. Nimehamishiwa akaunti ya kliniki ya maumivu ya mgongo. Daktari ndiye anayechoma sindano, na kichwani pa mgonjwa yupo muuguzi wa nusukaputi anayempa dawa ya usingizi. Rekodi inamtaja daktari huyohuyo kuwa msimamizi wa nusukaputi. Timu lida ameniambia nitoe madai mawili ya usingizi kwa Medicare (bima ya serikali ya Marekani, hasa ya wazee): la daktari kwa modifaya ya QK, yaani alama mbili zinazoongezwa kwenye namba ya huduma, na la muuguzi kwa QX. Nikiuliza, naambiwa ndivyo ilivyofanywa siku zote. Je, ni halali? Na swali la nyumbani: mama yangu ameandikiwa sindano ya epidurali, ile ya mgongoni, hapa Nairobi, na makadirio ya gharama yana ada ya daktari wa nusukaputi. Ni lazima?"

Dada yangu, la kwanza jibu lake ni hapana, na nakuomba uyashikilie madai hayo kabla hayajaondoka mezani kwako. QK inaiambia Medicare kwamba daktari fulani aliongoza usingizi wa mgonjwa, alikuwepo katika hatua zake ngumu, na wakati huo hakuwa na kazi nyingine iliyomfunga. Daktari wako alikuwa ameingiza sindano kwenye uti wa mgongo wa mtu. Maelezo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa dakika zilezile.

Hata herufi zenyewe hazilingani na ulichoeleza. QK ni ya daktari anayeongoza kazi mbili, tatu au nne za nusukaputi zinazoendelea sambamba. Kazi ikiwa moja na muuguzi mmoja, modifaya ya daktari ni QY. Nakutajia hili kwa sababu najua kitakachofuata: mtu atakuambia "basi badilisha QK iwe QY tuendelee." Usikubali. Ukibadilisha, dai litapita kwenye kompyuta vizuri zaidi na litabaki na uongo uleule.

Mkanganyiko huu si wa kampuni yenu peke yake. Kazini watu hutumia neno "usimamizi" kwa kanuni tatu tofauti, na asiyezitenganisha huishia kulipisha kitu kisicholipwa.

Kanuni ya kwanza ni ya usalama wa kituo. Hospitali inayopokea wagonjwa wa Medicare inatakiwa kuhakikisha kwamba muuguzi wa nusukaputi anasimamiwa na daktari anayefanya upasuaji, au na daktari wa nusukaputi aliye karibu na anayeweza kufika mara moja. Vituo vya upasuaji ambavyo mgonjwa huingia na kutoka siku hiyohiyo vina sharti linalofanana na hilo: muuguzi husimamiwa na daktari anayefanya matibabu. Tangu 2001 gavana wa jimbo anaweza kuomba jimbo lake liondolewe kwenye sharti hili, na Iowa ndiyo iliyotangulia. Kwenye ofisi binafsi ya daktari, masharti hayo ya vituo hayafiki. Hapo hutawala sheria za jimbo na bodi za leseni. Ndiyo maana jambo la kwanza kuangalia kwenye dai ni namba ya mahali pa huduma: 11 kwa ofisi, 22 kwa wagonjwa wa nje ndani ya hospitali, 24 kwa kituo cha upasuaji. Yote haya yanahusu nani awepo chumbani. Hayamwongezei daktari anayechoma sindano hata senti moja. Anaposaini kwamba alimsimamia muuguzi, anatimiza sharti la kituo, basi.

Kanuni ya pili ni ya malipo, nayo ndiyo ya QK na QY: kuongoza nusukaputi kitabibu. Mizizi yake ni sheria ya Marekani ya 1982 iliyojulikana kama TEFRA, na masharti yake saba yako kwenye kanuni za serikali yao, 42 CFR 415.110. Daktari anayeongoza lazima ampime mgonjwa kabla ya usingizi na aagize mpango wa usingizi. Lazima ashiriki mwenyewe katika hatua ngumu, ikiwemo kulaza na kuamsha pale zinapokuwepo. Ahakikishe kwamba asichokifanya mwenyewe kinafanywa na mtu mwenye sifa. Afuatilie mgonjwa mara kwa mara, awepo kimwili na apatikane papo hapo hatari ikitokea, na atoe huduma inayohitajika baada ya usingizi. Sharti moja likikosekana kwenye rekodi, uongozi huo haulipiki.

Kuna vighairi vya kazi ndogondogo anazoruhusiwa kufanya huku akiongoza: kushughulikia dharura fupi hapo karibu, kuweka epidurali kwa mama anayejifungua, kumwangalia mama huyo mara kwa mara, kumpokea mgonjwa anayefuata, kumwona au kumruhusu mgonjwa aliye kwenye chumba cha kupumzikia, na kupanga ratiba. Soma orodha hiyo tena. Kuchoma epidurali ya steroidi, kuzuia neva za viungo vidogo vya mgongo au kuchoma neva kwa mawimbi ya redio havimo.

Utajibiwa kwamba daktari huyu kwa taaluma ni daktari wa nusukaputi. Inawezekana kabisa, madaktari wengi wa maumivu Marekani walianzia huko. Lakini Medicare haiulizi alisomea nini, inauliza alikuwa akifanya nini wakati ule. Na kwa jumla Medicare haimlipi ada ya pekee ya nusukaputi daktari yuleyule anayefanya matibabu. Ada ya matibabu imekwisha kuibeba. Hata maelezo ya namba za bili 01991 na 01992, zinazotumika kwa usingizi wakati wa kuzuia neva, yanasema wazi kwamba zinatumika pale sindano inapochomwa na daktari au mtaalamu mwingine, yaani si yule anayedai usingizi.

Kanuni ya tatu ni ile ya modifaya ya AD, na ni ya adhabu zaidi kuliko kitu kingine. Daktari wa nusukaputi anapojikuta na kazi zaidi ya nne kwa wakati mmoja, hawezi tena kudai kwamba aliongoza. Hulipwa vipimo 3 vya msingi (hesabu yake inafuata hapa chini) kwa kila kazi, bila muda, na kimoja cha nyongeza kama kuna ushahidi kwamba alikuwepo wakati wa kulaza. Akaunti yako haifiki huko, ila ujue kwamba kazi zinazopishana huhesabiwa hata kama baadhi ya wagonjwa si wa Medicare, na kupishana kwa dakika moja kunatosha.

Sasa fedha, kwa sababu hapa ndipo timu lida wako atakapokubana. Malipo ya nusukaputi huhesabiwa kwa kujumlisha vipimo vya msingi vya namba ya huduma na vipimo vya muda, ambapo dakika 15 ni kipimo kimoja, kisha kuzidisha kwa kiwango cha fedha. Kwa Medicare kiwango hicho miaka ya karibuni kimekuwa dola 20 na senti kadhaa, kikibadilika kidogo kwa eneo na mwaka. Chukua 01992, ya mgonjwa aliyelala kifudifudi, yenye vipimo 5 vya msingi. Usingizi ulichukua dakika 24, yaani kipimo 1.6. Jumla ni 6.6, na kwa dola 20 inakuwa dola 132. Chini ya uongozi wa daktari kiasi hicho hugawanywa nusu kwa nusu: dola 66 kwa daktari, dola 66 kwa muuguzi mwenye QX, yaani anayeongozwa. Muuguzi akifanya kazi bila kuongozwa kitabibu anatumia QZ, na dola 132 zote zinahesabiwa kwake. Kwa vyovyote vile, Medicare hulipa asilimia 80 ya kiasi inachokubali, na asilimia 20 humwangukia mgonjwa au bima yake ya pili.

Umeona jambo lenyewe? Jumla ni ileile. Ndiyo hoja utakayoletewa: "serikali haijapoteza kitu, tunagombania nini?" Tunagombania ukweli wa rekodi. Dai la daktari linasema alitimiza masharti saba ambayo hakuyatimiza, na limemlipa mtu asiyestahili. Mgonjwa wa miaka sabini na kitu anaonyeshwa kwamba alikuwa na watu wawili, daktari na muuguzi, macho yao yakiwa juu yake, kumbe daktari alikuwa anaangalia skrini ya eksirei. Siku atakaposhindwa kupumua vizuri na familia iombe rekodi, karatasi hiyo itasema kulikuwa na ulinzi ambao haukuwepo. Mimi nilianzia kazi kwenye chumba cha upasuaji kabla ya kuhamia ukaguzi wa bili, na hili silichukulii kama suala la herufi mbili.

Kwa hiyo dai sahihi, kwa maelezo uliyonipa, lina sura hii. Daktari anadai matibabu yake tu: 62323 kama ni epidurali ya kiuno iliyoongozwa na picha, 64493 kama ni kiungo cha kwanza kidogo cha kiuno, 64635 kama ni kuchoma neva za kiungo hicho. Muuguzi anadai usingizi kwa QZ, akiongeza QS kama huduma ilikuwa ya uangalizi wa nusukaputi, ile inayoitwa MAC. Namba ya usingizi nayo ichunguze. Tangu 2022 kuna familia ya 01937 hadi 01942 kwa matibabu ya uti wa mgongo yanayoongozwa na picha, iliyochukua nafasi ya 01935 na 01936 zilizofutwa. Ukikuta orodha ya zamani ya kliniki bado ina 01936, ujue haijaguswa kwa muda mrefu.

Lakini hata QZ usiikimbilie. Bado kuna swali zito kuliko yote: je, mgonjwa huyu alihitaji usingizi?

Kwa sindano nyingi za maumivu, jibu ni kwamba ganzi ya hapo penye sindano inatosha. Chama cha madaktari wa nusukaputi cha Marekani, ASA, kina tamko kuhusu jambo hili hasa: kwa matibabu madogo ya maumivu, katika mazingira ya kawaida, huduma ya nusukaputi zaidi ya ganzi haihitajiki. Kinataja epidurali za steroidi, sindano za misuli, za bega, nyonga na goti, za viungo vidogo vya mgongo na za kiungo cha nyonga na mgongo. Kinakubali kwamba kuna wagonjwa wenye woga mkubwa wasioweza kutulia, na kuna matibabu marefu au yenye maumivu makali zaidi, kama kuharibu neva kwa dawa au mawimbi, kuzuia mafundo ya neva za tumboni, au kupandikiza kifaa cha kusisimua uti wa mgongo. Hapo usingizi unaweza kuwa na sababu. Kampuni zinazoishughulikia Medicare majimboni zimeweka msimamo unaofanana kwenye sera zao za epidurali na viungo vidogo: usingizi si wa kawaida, na anayeutaka aonyeshe sababu ya mgonjwa huyo.

Sababu si ubahili wa bima. Mgonjwa aliye macho ndiye king'ora cha daktari. Sindano ikigusa neva, yeye ndiye atakayesema "mguu umepigwa shoti" kabla dawa haijasukumwa. Mwaka 2011 jarida la Anesthesiology lilichapisha uchunguzi wa madai ya fidia yaliyotokana na matibabu ya maumivu shingoni. Miongoni mwa waliojeruhiwa uti wa mgongo, asilimia 67 walikuwa wamepewa dawa ya kutuliza au nusukaputi. Miongoni mwa wadai wa shingo wasiokuwa na jeraha hilo, asilimia 19. Robo ya waliojeruhiwa hawakuwa na uwezo wa kuitikia wakati wa matibabu, dhidi ya asilimia 5 kwa wengine. Takwimu kama hizo hazithibitishi kwamba usingizi ndio uliowaumiza, lakini mtu mwenye busara anazisikiliza. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu madhara adimu lakini mabaya ya neva yanayotokana na steroidi zinazochomwa kwenye nafasi ya epidurali, na mwaka uliofuata kundi la wataalamu wa vyama mbalimbali likapendekeza kwamba mgonjwa wa epidurali, hata akipewa dawa nyepesi ya kutuliza, abaki na uwezo wa kusema anachohisi.

Kuna na sababu ya pili ambayo watu wa bili huisahau. Sindano nyingi za viungo vidogo ni za kupima. Daktari anaizuia neva kwa ganzi kidogo, kisha anamuuliza mgonjwa: maumivu yamepungua? Jibu hilo ndilo linaloamua kama neva zitachomwa kwa mawimbi. Sasa mtu aliyepewa fentanili na midazolamu, dawa za kuondoa maumivu na kutuliza, dakika kumi zilizopita atasema nini? Atasema anajisikia vizuri, na atakuwa anasema kweli, ila ni fentanili inayosema. Miongozo ya pamoja ya vyama vingi kuhusu viungo vidogo vya kiuno, ya 2020, ilishauri kutotumia dawa za kutuliza kama desturi kwenye vipimo hivi. Ukikuta kliniki inadai usingizi kwa kila sindano ya kupima, kwa kila mgonjwa, kwa sentensi ileile ya "mgonjwa ana wasiwasi", hapo una tatizo kubwa kuliko QK. Hata wagonjwa wenye wasiwasi hawafanani hivyo.

Soma rekodi kwa jicho hilo. Natafuta kitu cha mgonjwa mwenyewe: alijaribiwa kwa ganzi peke yake akashindwa, ana ugonjwa wa mishtuko ya misuli, ana shida kubwa ya moyo na mapafu. Kwa hili la mwisho ipo modifaya ya G9. Natafuta dawa, dozi zake, na saa zilipotolewa. Natafuta karatasi ya nusukaputi yenye mapigo, presha na oksijeni. Natafuta aliyeagiza usingizi, na kwa nini.

Muda nao una mtego. Dakika za nusukaputi huanza pale mtoa usingizi anapoanza kumwandaa mgonjwa kwa ajili ya usingizi, na huisha pale anapomkabidhi salama kwa wanaomtunza baadaye na kuondoka. Saa ya kufika mapokezi haihusiki. Dakika za kukaa kwenye kiti cha kupumzikia chini ya muuguzi mwingine hazihusiki. Rekodi ambazo kila kazi imeanza na kuisha kwenye dakika inayoishia na sifuri au tano zinawavuta wakaguzi, na zinastahili kuwavuta. Kwa sisi wa Nairobi kuna hatari mbili za ziada. Kliniki ya New York inafungua saa mbili asubuhi yao, kwetu ikiwa tayari saa tisa au saa kumi alasiri. Andika saa iliyo kwenye rekodi, usiruhusu kompyuta yako ikugeuzie. Na tarehe zao hutanguliza mwezi: 03/04 kwao ni Machi 4. Nimeona madai mazuri yakikataliwa kwa hilo tu.

Huenda ukagundua kwamba kilichotolewa hakikuwa nusukaputi kabisa, bali dawa kidogo ya kutuliza iliyoagizwa na daktari mwenyewe huku muuguzi aliyefunzwa akimwangalia mgonjwa. Hiyo ina namba zake tangu 2017. Kwa mgonjwa wa miaka 5 na zaidi ni 99152 kwa dakika 15 za kwanza, na haidaiwi kama muda haukufika dakika 10. Muda huo huanza dawa inapoingia na unamtaka daktari awe uso kwa uso na mgonjwa mfululizo. Lazima pia awepo mwangalizi huru aliyefunzwa, asiye na kazi nyingine ya maana. Kidonge cha kupunguza woga alichomeza mgonjwa sebuleni hakina namba. Na propofoli, dawa ya kulaza usingizi, ni habari nyingine. Kibandiko chake rasmi Marekani kinataka itolewe na aliyefunzwa kutoa nusukaputi na asiyehusika na kufanya matibabu yenyewe. Ukiona propofoli kwenye rekodi na aliyetoa ni yuleyule mchoma sindano, usitafute namba ya kuilipisha. Peleka faili kwa mtu wa ukaguzi siku hiyohiyo.

Jambo moja nitalipitia haraka kwa kuwa hukuliuliza: angalia kampuni ya nusukaputi inamilikiwa na nani. Mwaka 2012 ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani ilitoa maoni namba 12-06 na kukataa kuupa kinga mpango ambao ungeacha madaktari wanaopeleka wagonjwa wavune sehemu ya mapato ya nusukaputi. Daktari anayechoma sindano akiwa pia mwenye kampuni inayodai usingizi, hamu ya kumlaza kila mgonjwa inapata maelezo.

Je, wewe uliye Westlands unahusika vipi? Sheria ya Marekani ya madai ya uongo, ya tangu 1863, inamgusa anayewasilisha dai la uongo na pia anayesababisha liwasilishwe, na "kujua" kwake kunajumuisha kufumba macho makusudi na kupuuza ovyo. Fidia yake ni mara tatu ya hasara pamoja na faini kwa kila dai. Sikutishi, mzigo mkubwa ni wa kliniki na wa kampuni. Lakini umeuliza kwa maandishi, na jibu la "ndivyo ilivyofanywa siku zote" halimlindi yeyote. Kuhusu madai yaliyokwisha kulipwa, kliniki ikishatambua kwamba imelipwa isivyostahili inapewa siku 60 kurudisha, na kanuni inaruhusu muda wa ziada wa uchunguzi. Hiyo ni kazi ya mwanasheria wao. Yako ni kuwafahamisha.

Usianze kwa kumshtaki mtu. Tuma swali la kawaida la rekodi, kwa mfumo rasmi wa kazi, maneno yake yawe ya upole na yasiyopinda: "Rekodi inaonyesha daktari aliyefanya matibabu ndiye aliyetajwa kuwa msimamizi wa nusukaputi. Tafadhali thibitisheni: je, kulikuwa na daktari mwingine wa nusukaputi aliyetimiza masharti saba ya uongozi? Kama hakuwepo, tutaondoa dai la daktari na kumwandikia muuguzi QZ, baada ya kupata maelezo ya hitaji la kitabibu." Hifadhi jibu ndani ya mfumo huo. Usipige picha ya skrini na kuituma WhatsApp kwa rafiki akusaidie kufikiri. Rekodi za wagonjwa hawa zinalindwa na sheria ya HIPAA ya kwao na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ya kwetu. Ulinieleza tatizo bila jina la mgonjwa wala la kliniki. Endelea hivyo. Timu lida akikuagiza utume hata hivyo, omba agizo kwa maandishi na umwandikie afisa wa uzingatiaji wa kampuni. Kama kampuni inayogusa fedha za Medicare haina mtu wa kazi hiyo, fikiria kwa makini kama unataka jina lako la mfumo libaki kwenye madai yake.

Sasa mama. Namba na modifaya za Marekani hazimhusu, ila mwili wa binadamu ni uleule. Epidurali ya kiuno kwa kawaida hufanyika kwa ganzi ya ngozini, akiwa macho, na mara nyingi kazi yenyewe haifiki nusu saa. Kwa hiyo ada ya daktari wa nusukaputi si ya lazima moja kwa moja, na haki yenu ya kuuliza iko kwenye sheria: Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila njia, na haki yake ya kukataa, kwa lugha anayoielewa panapowezekana. Gharama imetajwa humo waziwazi. Si fadhila.

Muulize daktari wake: mama atalazwa usingizi au atapigwa ganzi tu? Kama ni usingizi, kwa nini yeye hasa? Nani atakaa kichwani pake mwanzo hadi mwisho? Hapa Kenya usingizi hutolewa na madaktari bingwa wa nusukaputi, na pia na maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea kazi hiyo. Kijabe, kwa mfano, imekuwa ikiwafunza wauguzi. Hakuna ubaya kumkuta asiye daktari bingwa, mradi ana leseni ya baraza lake na bili inataja huduma ya aliyekuwepo, si ya daktari ambaye hakukanyaga chumbani. Miongozo ya kimataifa ya WHO na shirikisho la vyama vya nusukaputi, ya 2018, inataka mtoa usingizi aliyefunzwa asimwache mgonjwa hata kidogo, na kipimo cha oksijeni kiwe kidoleni muda wote. Hapo hakuna mjadala, iwe Marekani au Nairobi.

Kama anatumia SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, au bima ya binafsi, omba idhini ya maandishi kabla, ikitaja ada ya nusukaputi peke yake na si "kifurushi cha matibabu". Ada ikikataliwa baada ya kazi, bili inabaki kwenu. Daktari akisema mama anaweza kufanyiwa kwa ganzi, omba makadirio mapya ya gharama bila ada ile. Kama sababu ya usingizi ni ya kweli, lipeni bila kinyongo. Mtu wa kuangalia pumzi ya mama yako anastahili ujira wake.

Mpelekee daktari orodha ya dawa zake zote. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, warfarini au klopidogreli, lazima daktari ajue mapema, na mama asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Na kama ana kisukari, apime sukari mara nyingi zaidi siku chache baada ya sindano, maana steroidi huipandisha.